Vidonge vya moyo na presha vinavyofanana: kipi ni kipi, na kipi kinamfaa nani

Ukimimina mezani dawa za mzee mwenye presha na maradhi ya moyo, mara nyingi utaona vidonge kadhaa vyeupe, vya mviringo, vyenye mstari wa kukatia katikati, ambavyo kwa macho havina tofauti yoyote ya maana. Amlodipini ya miligramu 5, furosemidi ya miligramu 40, hidroklorothiazidi ya miligramu 25 na digoksini ya robo miligramu zote huweza kuja katika umbo hilo hilo. Hata hivyo, ya kwanza hulegeza mishipa ya damu, ya pili na ya tatu hutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, na ya nne huupa moyo nguvu ya kusukuma damu kwa kipimo ambacho kikizidi kidogo tu hugeuka sumu. Ulinganisho huu umepangwa kwa jozi za dawa ambazo watu huzichanganya au huulizana ipi bora, ili mgonjwa au ndugu anayemhudumia ajue alichonacho mkononi na aulize swali linalofaa mbele ya daktari au mfamasia. Uamuzi wa kubadilisha dawa wenyewe unabaki kwa yule aliyempima mgonjwa presha, figo na mapigo ya moyo.

Rangi, alama na jina

Nchini Marekani sheria inataka kila kidonge kiwe na herufi au namba zilizochapwa juu yake, hivyo mtu anaweza kukitambua hata kikiwa peke yake. Katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki vidonge vingi havina alama yoyote zaidi ya mstari wa kukatia, na herufi GOT zinazoonekana kwenye baadhi ya dawa za Bohari ya Dawa ya Tanzania huonyesha kwamba dawa ni mali ya Serikali, basi; hazisemi ni dawa gani.

Rangi nayo hudanganya, na mfano ulio wazi kuliko yote ni warfarini. Kidonge cha waridi cha warfarini kutoka Uingereza kina miligramu 5, ilhali cha waridi kutoka Marekani kina miligramu 1. Cha buluu cha Uingereza ni miligramu 3, na cha buluu cha Marekani ni miligramu 4. Familia yenye ndugu London na mwingine Houston, wote wakituma dawa nyumbani kwa nia njema, inaweza kumpa mgonjwa kipimo mara tano ya alichoandikiwa kwa sababu tu amezoea kumeza “kile cha waridi”.

Kitambulisho cha kuaminika ni jina la dawa yenyewe pamoja na uzito wake kwa miligramu, vyote vikiwa vimechapwa kwenye pakti. Jina kubwa la mbele huwa ni la kibiashara, na hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Jina dogo la chini yake ndilo la dawa. Kwa hiyo Norvasc ni amlodipini, Lasix ni furosemidi, Adalat ni nifedipini na Plavix ni klopidogreli. Mwuzaji anapokata pakti ili kumpa mteja vidonge kumi, tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi hubaki kwenye kipande cha dukani, na dawa zikimwagwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa “1x2” bila jina, kinachobaki ni maelekezo ya kumeza kitu kisichojulikana. Mteja ana haki ya kuomba jina la dawa na uzito wake viandikwe kwenye bahasha hiyo, na mfamasia makini hatakasirika.

Majina hapa yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, ila kwenye pakti yamechapwa kwa tahajia ya kigeni, na mwisho wake hueleza ukoo wa dawa. Zinazoishia na *-dipine* hulegeza mishipa, zinazoishia na *-pril* na *-sartan* huzuia homoni inayobana mishipa, zinazoishia na *-olol* hupunguza kasi ya moyo, na zinazoishia na *-statin* hupunguza lehemu (kolesteroli). Karvediloli, ambayo kwenye pakti huishia na *-ilol*, ni ya ukoo wa *-olol*. Mgonjwa akikuta vidonge viwili vyenye mwisho mmoja katika mfuko wake, hana budi kuuliza kabla ya kumeza, kwa kuwa mara nyingi daktari wa kliniki ya pili hakujua alichoandika wa kwanza.

Amlodipini na nifedipini

Hizi ni ndugu, na kwa mgonjwa wa presha asiye mjamzito amlodipini ndiyo iliyo rahisi kuishi nayo. Hukaa mwilini muda mrefu sana, kiasi kwamba kiwango chake katika damu huchukua saa 30 hadi 50 kushuka hadi nusu. Humezwa mara moja kwa siku, na aliyesahau dozi ya jana presha yake haipandi ghafla. Nifedipini hutoka haraka, na kwa sababu hiyo hutengenezwa katika vidonge vinavyoachia dawa polepole, ambavyo havipaswi kusagwa wala kutafunwa. Zamani ilikuwa desturi kumtobolea mgonjwa mwenye presha kubwa kapsuli ya nifedipini na kumdondoshea chini ya ulimi. Desturi hiyo imeachwa kwa sababu presha ilishuka kwa kishindo na baadhi ya wagonjwa walipata kiharusi au shambulio la moyo, lakini bado yako majumba ambamo mzee huambiwa aitafune “ili ishuke upesi”. Nifedipini ya kuachia polepole ina nafasi yake, hasa kwa mama mjamzito mwenye presha.

Zote mbili huvimbisha miguu kwenye vifundo, hasa kwa dozi kubwa. Uvimbe huo hautokani na maji kujaa mwilini, na ndiyo maana dawa ya kukojoza haiuondoi vizuri. Daktari hupunguza dozi au huongeza dawa ya ukoo wa *-pril* au *-sartan*.

Kwa Waafrika amlodipini ina ushahidi wa nyumbani. Utafiti uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ukilinganisha dawa mbili mbili kwa pamoja. Amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi, na amlodipini pamoja na perindoprili, zilishusha presha vizuri kuliko perindoprili pamoja na hidroklorothiazidi. Anayeuliza kwa nini karibu kila mtu katika kliniki ya presha anapewa amlodipini amepata sehemu kubwa ya jibu lake hapo.

Kaptoprili, enalaprili na losartani

Ukoo wa *-pril* ulitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, na kaptoprili, ya kwanza kumezwa, iliruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ni dawa nzuri yenye adha: humezwa mara mbili au tatu kwa siku, saa moja kabla ya chakula, ratiba ambayo watu wachache huiweza kwa miaka. Enalaprili hufanya kazi ile ile kwa mara moja au mbili kwa siku, bila sharti la chakula. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili kwa matumizi ya kila siku achague enalaprili.

Swali gumu zaidi ni kati ya enalaprili na losartani. Kwa presha, na kwa kulinda figo za mwenye kisukari, zinakaribiana. Tofauti iko kwenye kikohozi: dawa za *-pril* huleta kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kisicho na makohozi, na kinachoweza kuanza wiki au miezi baada ya dozi ya kwanza. Wengi wamepimwa kifua kikuu na kunyweshwa dawa za kuua bakteria chupa kwa chupa, kumbe chanzo kimo kwenye pakti ya presha. Losartani huleta kikohozi hicho kwa nadra. Ipo pia hatari ya midomo, ulimi na koo kuvimba ghafla, ambayo kwa dawa za *-pril* hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na huweza kuja hata baada ya miaka ya matumizi. Aliyewahi kuvimba hivyo hapaswi kurudi kwenye ukoo huo kamwe. Kwa sababu hizo mbili, mimi ningeanza kuuliza kuhusu losartani pale ambapo bei yake inahimilika, ingawa kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo dawa za *-pril* ndizo zenye historia ndefu ya kuokoa maisha.

Mambo matatu hayatofautiani kati yake. Zote ni marufuku kwa mjamzito kwa kuwa huharibu figo za mtoto tumboni, na mwanamke anayepanga kupata mimba inafaa aseme mapema. Zote hupandisha madini ya potasiamu katika damu, hivyo figo na potasiamu hupimwa dawa ikiwa mpya au dozi ikiongezwa, na “chumvi mbadala” inayouzwa kwa wagonjwa wa presha, ambayo mara nyingi ni potasiamu, si salama kwao bila ushauri. Tena hazichanganywi: enalaprili na losartani kwa mgonjwa mmoja ni hatari kwa figo.

Hidroklorothiazidi na furosemidi

Zote huitwa dawa za maji, na hapo ndipo kosa huanzia. Hidroklorothiazidi, pamoja na ndugu yake bendrofluazidi ya miligramu 2.5 au 5, ni dawa ya presha. Hutoa maji kwa upole na kazi yake kubwa ya muda mrefu ni kuiacha mishipa ikiwa imelegea. Furosemidi ni dawa ya kuondoa maji yaliyojaa kwenye miguu, tumbo na mapafu pale moyo unaposhindwa kazi. Kidonge chake huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kwisha baada ya saa sita hivi, kwa hiyo kwa presha ya kawaida, mwenye figo nzima anayepewa furosemidi mara moja kwa siku hubaki bila kinga sehemu kubwa ya siku, huku akiwa amekwenda haja ndogo mara nyingi kuliko alivyotaka. Kwa upande mwingine, aliyevimba miguu na asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi hatasaidiwa na hidroklorothiazidi peke yake.

Furosemidi humezwa asubuhi, na kama ni mara mbili, ya pili iwe mapema alasiri, la sivyo usiku mzima utakuwa wa kwenda chooni. Mgonjwa wa moyo huelekezwa kujipima uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji na wala si unene, na kliniki inapaswa kujua. Dawa hizi zote huteremsha potasiamu na huweza kuamsha jongo kwa mwenye nalo.

Atenololi, bisoprololi na karvediloli

Hapa jibu ni fupi. Atenololi ni ya bei ndogo na hushusha presha na mapigo ya moyo, lakini kwa moyo ulioshindwa kazi haina ushahidi ambao bisoprololi na karvediloli wanao. Bisoprololi ilionyesha kupunguza vifo katika utafiti wa CIBIS-II wa mwaka 1999. Mgonjwa aliyeambiwa moyo wake umepanuka na hausukumi vizuri, kisha akapewa atenololi badala ya bisoprololi kwa kuwa “ni kitu kimoja”, hakupewa kitu kimoja. Karvediloli humezwa mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Bisoprololi mara moja. Mwenye pumu aseme kabla, hasa kwa karvediloli, ambayo haimfai kabisa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari ikishuka moyo hautamdunda kama alivyozoea, ingawa jasho litamtoka. Hakuna hata moja kati yake inayokatizwa ghafla, kwani moyo uliozuiwa muda mrefu huruka kwa nguvu unapoachiwa.

Aspirini, klopidogreli na warfarini

Kundi hili ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu hapa kuchanganya dawa kunaweza kumtoa mtu damu tumboni au kichwani. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani za damu kushikana. Warfarini hufanya kazi mahali pengine, ikizuia ini kutengeneza protini za kugandisha damu kwa kutumia vitamini K.

Aspirini ya moyo ni ile ndogo ya miligramu 75, au 81 kwa iliyotoka Marekani; aspirini ya miligramu 300 ni ya maumivu na si ya kumezwa kila siku kwa ajili ya moyo. Klopidogreli nayo huwa ya miligramu 75, na namba hiyo kufanana imewafanya watu waiache moja wakidhani wamepewa dawa ile ile mara mbili. Aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, yaani kimirija cha kuuweka mshipa wazi, kwa kawaida hutumia zote mbili kwa miezi kadhaa, mara nyingi mwaka mzima, na kuiacha moja mapema kunaweza kuifanya stenti izibe kwa damu iliyoganda. Kama ana vidonda vya tumbo, omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Pantoprazoli ni mbadala unaofaa kuulizia.

Je, mzee mwenye afya ameze aspirini ndogo “kuzuia kiharusi”? Utafiti wa ASPREE, uliohusisha wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani na kuchapishwa mwaka 2018, uliona kwamba kwa wasio na ugonjwa wa moyo haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na afya, bali iliongeza kuvuja damu. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, yuko katika hesabu nyingine, na kwake faida huzidi hatari. Mtu akipatwa na maumivu makali ya kifua yanayobana, huku safari ya hospitali ikiandaliwa, aspirini ya miligramu 300 hutafunwa, au vinne vya 75, iwapo hana mzio nayo wala hatoki damu. Lakini aliyepooza upande ghafla asipewe, kwa maana nyumbani hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Warfarini ni ya wenye valvu (mlango wa moyo) ya chuma, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na wenye damu iliyoganda miguuni au mapafuni. Kwetu wengi wao ni vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni. Dozi yake haipangwi kwa umri wala uzito. Hupangwa kwa kipimo cha INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambacho kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye valvu ya chuma kiwe juu kidogo. Mchicha, kisamvu na sukumawiki vina vitamini K kwa wingi. Mgonjwa halazimiki kuziacha mboga hizo; anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asikae mwezi bila mboga kisha azile kila siku. Dawa za kawaida humvuruga zaidi ya mboga: Flagyl na Septrin huipandisha INR hadi mtu atoke damu, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno. Mjamzito, na anayetaka kuwa mjamzito, amwone daktari wa moyo kwanza.

Rivaroksabani, iliyo mpya zaidi, haihitaji INR, na anayeimudu huiona kama ukombozi. Kwa mapigo yasiyo na mpangilio pasipo ugonjwa mkubwa wa valvu, ni chaguo zuri, mradi vidonge vya miligramu 15 na 20 vimezwe pamoja na chakula. Kwa mwenye valvu ya chuma dawa za aina hiyo hazitumiki. Kwa valvu zilizoharibika tangu utotoni, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliotumia dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, licha ya usumbufu wote wa vipimo. Bei kubwa na upya wa dawa havikuwasaidia wagonjwa hao.

Digoksini na dawa za lehemu

Digoksini imetokana na mmea ambao tabibu Mwingereza William Withering aliuandikia mwaka 1785, na tangu hapo imejulikana kwamba kipimo chake cha kutibu kinapakana na cha kudhuru. Pakti husema 0.25, na nukta hiyo ni ya kutazamwa mara mbili. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona rangi ya manjano na mapigo kupungua sana ni dalili za kuzidi, na huja haraka kwa mwenye figo dhaifu, au kwa anayetumia furosemidi ambaye potasiamu yake imeshuka.

Kwa lehemu, atorvastatini humezwa saa yoyote, na simvastatini usiku. Kwa anayetumia amlodipini, simvastatini haizidi miligramu 20, na hiyo yatosha kumfanya mgonjwa wa presha apendelee atorvastatini. Maumivu ya misuli yasiyo na sababu, hasa mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, yasisubiri tarehe ya kliniki.

Vidonge viwili ndani ya kimoja

Siku hizi pakti moja huweza kubeba dawa mbili, na herufi H pembeni mwa jina mara nyingi humaanisha hidroklorothiazidi imeongezwa. Losartani yenye H ikimezwa pamoja na hidroklorothiazidi ya pakti nyingine ni dozi maradufu, na mzee huanguka akiinuka kitandani. Kinachoumiza zaidi figo, hata hivyo, ni dawa ya tatu isiyotajwa kliniki: diklofenaki au ibuprofeni ya magoti na mgongo, inayonunuliwa bila cheti, juu ya losartani au enalaprili na dawa ya maji. Hizo hupandisha presha na kuurudishia mwili chumvi na maji ambavyo furosemidi imevitoa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli humfaa zaidi mgonjwa huyu, isipokuwa ile ya kuyeyusha kwenye maji, ambayo hubeba sodiamu nyingi kuliko ladha yake inavyoonyesha.